Sauti Kwenye Njia ya Nne

Albamu yangu imetoka mara tatu. Mara ya kwanza ilitoka kwenye kaseti, mara ya pili kwenye sidii ambazo sikuzitengeneza mimi, na mara ya tatu kwenye santuri zilizopigwa chapa nje ya nchi. Ninachotaka kusimulia hasa ni hiyo mara ya tatu, lakini haieleweki bila zile mbili za mwanzo.

Nilizaliwa Talatala, wilayani Kyela, kwenye nyumba ya wakulima wa mpunga na kokoa. Gitaa lililetwa kwetu na baba mdogo, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya shaba Zambia. Alirudi na kifua kibovu, gitaa la umeme lisilo na amplifaya, na santuri sita za bluzi na roki alizozifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Kijijini hapakuwa na umeme. Akitaka kupiga, aliegemeza kichwa cha gitaa juu ya meza ya kulia, na mbao ya meza ikavuma. Mimi nililaza sikio mezani. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa kusikia muziki kupitia mbao, na mpaka leo nikipiga napenda sauti ambayo ni kama imetoka chini ya kitu.

Nilipokua nilikwenda Mbeya nikajiunga na bendi iliyokuwa ikipiga dansi kwenye ukumbi karibu na stendi. Nilitunga nyimbo nne za bendi ile. Siku moja nikiwa kwa kinyozi nikasikia redio ikipiga mmoja kati ya hizo, na mtangazaji akataja mtunzi. Alimtaja kiongozi wetu. Nilipomwuliza, alinijibu kwa upole kabisa kwamba bendi ni kitu kimoja, na kitu kimoja kina jina moja. Niliondoka wiki ile ile. Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi tangu siku ile hata kamba ya kuanikia nguo naitazama mara mbili.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moja tu kichwani: nirekodi albamu ambayo hakuna mtu mwingine ataigusa. Wakati huo nilikuwa nimeoa. Mke wangu ni Mkisi wa kule Ziwa Nyasa, mbele ya Matema, kwenye vijiji ambavyo wanawake hufinyanga vyungu na wanaume huvua. Mama yake alikuwa mfinyanzi mwenye jina pwani yote ile. Vyungu vyake vilisafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, vikibadilishwa kwa mchele.

Kyela mjini kulikuwa na fundi wa redio, mtu mkimya aliyenizidi miaka michache, ambaye alikuwa amenunua mashine ya kurekodia kutoka kwa mwalimu mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa mashine ndogo, ya kutumia kaseti ya kawaida, lakini ilikuwa na njia nne. Maana yake, unaweza kurekodi gitaa kwenye njia ya kwanza, kisha ukarudi mwanzo ukarekodi besi kwenye njia ya pili huku ukilisikiliza gitaa lako, kisha sauti kwenye ya tatu, na kadhalika. Kila njia ina kitufe chake. Ukikishusha, ile sauti haisikiki, lakini imo ndani ya kanda.

Kwa mtu kama mimi, mashine ile ilikuwa jibu la maombi. Niliweza kuwa bendi nzima peke yangu.

Tulirekodi Ipinda, ndani ya ghala la mpunga la mtu aliyefahamiana na fundi. Magunia yaliyojaa humeza mwangwi kuliko ukuta wowote. Gitaa nililipitisha kwenye spika niliyoichana kwa wembe ili ikwaruze. Kwa ngoma, nilipiga mguu kwenye kreti la soda. Mvua ikianza kugonga mabati tulisimama, na Kyela mvua haina haya, kwa hiyo siku nyingine tulifanya kazi saa moja tukakaa sita. Mpiga ngoma wa kanisani alikuja kujitolea, nikamkataa. Mwenye ghala akasema ana mpwa anayepuliza tarumbeta, nikajifanya sikusikia. Kila jioni nilitoa kanda kwenye mashine, nikaitia mfuko wa shati na kurudi nayo nyumbani. Fundi aliniona nikifanya hivyo, akaendelea kukunja nyaya zake.

Wimbo wa tano ulinisumbua. Ulikuwa wa polepole, gitaa likilia na kunyamaza. Nilirekodi gitaa, besi na sauti yangu, na njia ya nne nikaiacha tupu, kwa sababu kreti la soda lilikuwa likiuharibu. Kesho yake uzi wa gitaa ukakatika, na Kyela nzima hapakuwa na nyuzi. Ikabidi niende Mbeya. Nililala huko, nikarudi siku ya pili. Ndani ya basi la kwenda ndipo nilipopapasa mfuko wa shati na kukumbuka kwamba nimeiacha kanda ndani ya mashine.

Nilirudi, nikaikuta palepale. Fundi akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, karibu. Nyuzi umepata?" Nikamtazama usoni. Sikuona kitu.

Tulimaliza, tukachanganya nyimbo zote tisa kwenye kaseti moja, yeye akiendesha vitufe na mimi nikisikiliza. Kwenye wimbo wa tano kitufe cha nne kilikuwa chini kabisa na hakukigusa. Sikuuliza, kwani nilijua hakuna kitu. Jalada lilikuwa na picha yangu nimesimama mbele ya ghala, na chini yake niliagiza yaandikwe maneno haya: *Nyimbo zote zimetungwa na kupigwa naye peke yake.*

Kaseti zile ziliuzwa Kyela, Tukuyu, zikafika hata ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Msimu mmoja nilizisikia kwenye kila kibanda cha stendi. Kisha kaseti zikafa, watu wakahamia vitu vingine, na mimi nikarudi shambani. Kanda za awali zilibaki kwa fundi, ndani ya kopo la biskuti, maana hakukuwa na mashine nyingine ya kuzipiga.

Miaka ikapita. Siku moja nikipita stendi ya Kyela nikasikia sauti yangu. Muuzaji alikuwa na sidii zimepangwa kwenye ubao, na mojawapo ilikuwa ya kwangu. Jalada lilikuwa na picha ya mtu nisiyemjua, amevaa miwani ya jua na kushika gitaa kinyume. Muuzaji aliponiambia mzigo unatoka Mbeya na yeye hajui zaidi, sikumsikiliza hata amalize. Akili yangu ilikwisha kwenda kwenye kopo la biskuti, na kwenye ile siku ya kanda iliyosahauliwa.

Niliingia dukani kwa fundi akiwa na wateja watatu.

"Umeniuza," nikamwambia.

Akaweka chini bisibisi. "Nani kakwambia?"

"Nani mwingine ana zile kanda?"

"Sijakuuza, ndugu yangu."

"Basi nipe kanda zangu."

Aliinama chini ya meza, akatoa lile kopo, akalipangusa vumbi kwa kiganja na kunikabidhi. Nadhani alitaka kusema jambo. Midomo ilifunguka ikafungwa. Mimi nilikichukua kile kimya kuwa ushahidi. Baada ya siku ile hatukusalimiana kwa zaidi ya miaka kumi, na mtu wa kwetu ataelewa maana yake, kwa sababu hapa hata adui yako humwuliza asubuhi, "Ugonile?" Mimi nikimwona barabarani niliangalia mitaro.

Kopo nililiweka chini ya kitanda chetu. Sikuwa na mashine ya kupigia kanda zile, lakini angalau zilikuwa kwangu.

Mwaka juzi nikapigiwa simu na binti mmoja wa Dar es Salaam. Akaniamkia vizuri, akasema anakusanya muziki wa zamani wa Tanzania, na kwamba ana wenzake nje wanaotaka kuitoa albamu yangu upya, kwenye santuri, kutoka kwenye kanda za awali kama bado zipo. Nilimwambia amekosea namba. Akapiga tena kesho yake. Nikamwuliza kaseti aliipata wapi, akasema kwa mjomba wake aliyekuwa dereva wa malori. Siku ya tatu nikamwuliza tena swali lile lile kwa njia nyingine, nione kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Nikamwambia kama ana nia, aje.

Akaja. Alishuka basi Kyela, akapanda bajaji hadi Talatala, akafika na viatu vimejaa tope. Mke wangu akampikia wali na samaki. Nilimwacha ale ashibe, kisha nikamwambia, "Niimbie ubeti wa pili wa wimbo wa tatu."

Aliona haya, lakini akaimba. Alikosea neno moja, na lilikuwa neno ambalo kwenye kaseti halisikiki vizuri, ambalo kila mtu hulikosea. Hapo nikamwamini kwa nusu. Karatasi zake za mkataba nilizipeleka kwa mwalimu mstaafu jirani yetu akazisoma mara mbili. Kisha nikaingia chumbani, nikavuta kopo, nikampa.

Binti alipokwisha kuondoka, mke wangu alikuwa jikoni akiosha vyombo. Akaniuliza bila kugeuka, "Umempa zote?"

"Zote."

"Hata za zile nyimbo za polepole?"

Nikasema ndiyo. Akaendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

Swali lile lilinikaa. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuuliza habari za kanda. Wiki iliyofuata nikaanza kuona mambo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mikeka tunayoanikia kokoa, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Aliponiona akasema, "Haya, tutaongea," akakata. Nikamwuliza ni nani. "Mtu wa Kyela," akasema. Siku nyingine simu yake iliita ikiwa mezani nami niko karibu. Jina lililotokea lilikuwa la fundi.

Mimi nikishuku jambo huwa nalifungia ndani kama parachichi kwenye unga, liive.

Baada ya miezi kama miwili binti wa Dar akanitumia nyimbo kwenye simu. Alisema wamezisafisha, nisikilize niseme kama nimeridhika. Ilikuwa asubuhi. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mikeka ya kokoa, nikatia spika masikioni. Wimbo wa kwanza ulinitoa machozi. Gitaa lilikuwa karibu kana kwamba limelala mapajani mwangu. Wa pili, wa tatu, wa nne, yote sawa.

Kwenye wa tano, baada ya ubeti wa kwanza, mwanamke akaanza kuimba.

Nilitoa spika masikioni nikatazama nyuma, nikidhani ni mtu uani. Hakukuwa na mtu. Nikarudisha. Aliimba chini ya gitaa langu, kwa Kikisi, si kwa maneno yangu, na aliingia kila mahali ambapo gitaa linanyamaza, kama mtu aliyeachiwa nafasi.

Nilimpigia binti hapohapo.

"Nani huyo mliyemweka kwenye wimbo wangu?"

"Shikamoo mzee. Yupi?"

"Mwanamke. Wimbo wa tano. Mnadhani nimezeeka sisikii? Mmetafuta mwimbaji ili kuwafurahisha wazungu wenu."

"Mzee, hatujaongeza chochote. Imo kwenye kanda yako. Iko njia ya nne."

"Njia ya nne ni tupu."

"Si tupu, mzee," akasema taratibu. "Tulifikiri unajua. Kwenye kaseti ilifungwa, lakini kwenye kanda ya awali imo. Sisi tuliona ni nzuri, tukaifungua, tukasema tukusikilizishe uamue."

Akafikiri nimekasirika, akaendelea kuongea ili kunituliza. "Halafu kuna jambo nilitaka kukueleza. Zile sidii za zamani ulizonilalamikia nilipokuja kwenu nimezisikiliza. Hazikutoka kwenye kanda zako za awali. Zilinakiliwa kutoka kwenye kaseti iliyouzwa dukani, yoyote ile. Kwenye kaseti, wimbo wa nne unakatika pale upande wa kwanza unapoisha. Kwenye sidii unakatika palepale. Kwenye kanda zako unaendelea hadi mwisho."

Kwa hiyo fundi hakuniuza. Mtu mwingine angefurahi kusikia hivyo, au angeona aibu. Mimi sikupata nafasi ya lolote kati ya hayo, maana wakati binti akizungumza, sikio langu lilikuwa bado na ile sauti, na nilikuwa nimeitambua. Kabla ya kupanda juu, mwimbaji yule alimeza pumzi kidogo, kama mtu anayejaribu chai ya moto. Nimeusikia mmezo huo kila Jumapili kwenye kwaya kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa mke wangu.

Siku tatu sikumwuliza. Nilikula, nikajibu nilipoulizwa, na kichwani nilikuwa ndani ya ghala la Ipinda. Siku mbili nilikuwa Mbeya natafuta nyuzi. Siku mbili kanda ilikuwa ndani ya mashine. Mke wangu aliingia mle, fundi akiwa mle, na wote wawili wakakubaliana kunificha, wakaficha mpaka nywele zetu zikawa nyeupe. Na sasa wanapigiana simu. Mtoto wetu wa pili alizaliwa mwaka uliofuata. Niliona haya kuhesabu miezi, na nilihesabu. Miezi haikuafikiana na shaka yangu, nikahesabu tena kuhakikisha. Mtoto mwenyewe, ambaye sasa ni mama wa watu, amefanana na mama yangu mpaka kwenye vidole vya miguu. Shaka haina macho. Hata hilo nililitazama nikasema si kitu.

Siku ya nne nilimkuta uani anasugua chungu kwa kokoto. Mpaka leo udongo wake huletwa kutoka ziwani, anasema wa Talatala hauna adabu. Nikaketi.

"Mama," nikamwambia, "nimesikia njia ya nne."

Hakuacha kusugua. "Nilijua utaisikia. Umekaa nayo siku tatu."

"Ulijuaje ni siku tatu?"

"Tangu Jumatatu unanitazama kama mgeni aliyeazima jembe."

"Ulikwenda kufanya nini kwenye ghala?"

Sasa akaweka kokoto chini. "Nilikwenda kuusikiliza wimbo wa mama yangu."

Nikamwambia wimbo ni wangu. Niliutunga mwenyewe, nakumbuka hata mahali.

"Uliutunga wapi?"

"Kwenu. Ziwani. Ule mwezi nilipokuja kuposa."

"Na mama alikuwa akifanya nini?"

Nikataka kujibu haraka nikashindwa, kwa sababu niliona. Mama mkwe wangu amesimama majini hadi magotini, anapokezwa vyungu na kuvipanga mtumbwini, na anaimba ili mikono yake isikosee. Mstari mmoja, kimya cha kupokea chungu, mstari mwingine. Vile vimya nilivyovionea fahari, ambavyo niliamini ni bluzi ya baba mdogo wangu, vilikuwa na urefu wa mwanamke kupokea chungu na kukiweka.

"Mwaka ule uliporekodi ndipo mama alipofariki," mke wangu akasema. "Umesahau? Tulikuwa tumemzika, mwezi haujaisha. Ulikuwa unaupiga hapa nyumbani kila siku na maneno yako ya bendi, unalalamika jinsi walivyokuibia. Mimi nikasema moyoni, siku moja nitauimba na maneno yake. Uliposema unakwenda Mbeya, nikapanda gari nikaenda Ipinda, mvua inanyesha. Nikamwomba fundi anipigie niusikie. Alipoupiga nikashindwa kunyamaza. Sikujua anarekodi. Nilipomaliza nikamwuliza, 'Umeninasa?' Akasema, 'Nimekunasa.' Nikamwambia afunge hiyo njia na asikwambie."

"Kwa nini?"

"Ungefuta."

Nilitaka kumwambia nisingefuta. Nikamtazama, na yeye akanitazama, na tulijua sote wawili mwanamume wa siku zile alikuwaje. Ningefuta kabla hajamaliza sentensi.

"Na simu?" nikauliza. Hata hapo sikuweza kuliacha.

"Nilimpigia kumwambia kanda zimekwenda Dar, asije akashtuka. Akanishauri nikwambie kabla hujasikia. Nilikuwa bado natafuta siku."

Kesho yake nilikwenda Kyela. Duka la fundi siku hizi linatengeneza simu na taa za sola. Amezeeka, sikio la kushoto halisikii, kwa hiyo humgeuzia mtu la kulia kana kwamba anataka kunong'onezwa. Nikapiga hodi.

"Karibu," akasema, bila kunionyesha kiti.

Nikamwambia yale ya sidii, kwamba nimejua hakuiba, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Akasikiliza huku akifuta kioo cha simu ya mtu.

"Umekuja kwa sababu umejua ukweli," akauliza, "au kwa sababu una shaka nyingine?"

"Yote mawili," nikasema.

Hapo akacheka kidogo, akavuta kiti. Sikumweleza alichosema mke wangu. Nilimwacha asimulie mwenyewe, nikilinganisha neno kwa neno. Yote yalilingana isipokuwa jambo moja. Mke wangu alisema mvua ilikuwa ikinyesha. Fundi akasema haikuwa ikinyesha, mvua ingeingia kwenye kanda. Nilipotoka dukani jambo hilo lilikuwa limenikwama kama mwiba wa samaki. Nilisimama chini ya paa la duka la jirani, nikatia spika masikioni, nikausikiliza wimbo wa tano kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza muziki wowote. Nyuma ya sauti yake, mbali, kulikuwa na matone, moja moja, ya maji yanayodondoka kutoka kwenye mabati. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Wote wawili walisema kweli.

Nilirudi ndani.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza. "Siku ile ya kopo. Ungejitetea kwa hilo."

"Halikuwa langu la kusema. Halafu uliniuliza kama nimekuuza. Hukuniuliza kitu kingine." Akawasha simu aliyokuwa akiifuta, ikawaka, akaizima. "Lakini iliniuma, bwana. Nisikudanganye. Miaka yote hii nikikuona napita upande wa pili wa barabara ili usipate taabu ya kuangalia mitaro."

Nilikaa mle mpaka mchana, tukaagiza ugali, tukala pamoja.

Binti wa Dar alipouliza tufanye nini na njia ya nne, nilimpa mke wangu simu. Alisema waiache wazi. Jina lake hakulitaka. Alitaka liandikwe jina la mama yake, kwamba wimbo ni wa mama huyu, mfinyanzi, wa kijiji fulani cha ziwani. Binti akauliza vipi kuhusu yale maneno ya zamani ya jalada, ya peke yake. Mke wangu akanitazama, akasema, "Hayo muulize mwenyewe."

Nikasema yaondolewe. Nilijiona mtu mwema sana kwa muda wa siku moja hivi. Kisha nikaanza kuzisikiliza zile nane zilizobaki. Mstari wa besi wa wimbo wa saba sijui niliutoa wapi. Ubeti wa wimbo wa pili unanuka kwaya. Mpigo wa kreti kwenye wa tatu, nikifumba macho, naona mikono ya mtu akitwanga, lakini simwoni uso. Kila wimbo nausikiliza kama polisi anayepekua mizigo, na mizigo ni yangu. Nilimwuliza mke wangu kama kuna mwingine anaoutambua. Akasema, "Kama wewe hujui, mimi nitajuaje?" Sijajua mpaka leo kama lile lilikuwa jibu au adhabu.

Santuri zilifika kwa basi mwezi wa mavuno, kwenye boksi lililofungwa gundi pande zote. Talatala hakuna mwenye kinanda cha santuri. Fundi alikuwa na kimoja kibovu, akakitengeneza kwa wiki mbili, akatuita. Tulikwenda mimi na mke wangu, mchana, wateja wameketi na simu zao mikononi wakisubiri. Mke wangu alishika jalada muda mrefu, akasoma jina la mama yake kwa kidole. "Wamekosea herufi moja," akasema. Nikasema nitampigia binti. Akasema niache, mama mwenyewe hakujua kusoma.

Fundi akaweka sindano. Tulisikiliza nyimbo nne, akageuza santuri. Wa tano ulipoanza, mke wangu akasimama, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje. Kupitia mlangoni nilimwona amesimama ng'ambo ya barabara, ametugeuzia mgongo, anazungumza na mwanamke anayeuza ndizi. Wimbo ukaisha, naye akarudi na mkungu mdogo mkononi.

Nilitaka kumwuliza kwa nini ametoka. Fundi alinitazama kwa jicho la pembeni. Nikapokea ndizi, nikaziweka chini ya kiti, tukasikiliza wa sita.